Kukompaili zlib ndani ya Visual Studio na Code::Blocks: tuache kuokota DLL mitandaoni

Fundi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za baridi.

Uzi huu ni kwa wanaoandika programu kwa C au C++ huku Nyanda za Juu Kusini, hasa mnaotengenezea vyama vya msingi programu za mizani: kahawa Mbozi, chai Rungwe, parachichi Njombe. Karibu kila programu ya aina hiyo hufika mahali ikahitaji kubana data. Faili la msimu limekuwa kubwa, karani yuko kijijini anatuma kwa bando la simu yake, mtandao unakuja na kuondoka. Dawa inayojulikana ni zlib, maktaba ya msimbo ya kubana data, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Mtu anaandika `#include "zlib.h"`, Visual Studio inamjibu C1083 (faili la heda halionekani), anaingia Google, anapakua `zlib1.dll`, yaani maktaba iliyokwisha kompailiwa, kutoka tovuti asiyoijua, anaitupia kwenye folda ya programu yake, kisha anampelekea mteja.

Napinga utaratibu huo kwa nguvu zote. DLL zinazozagaa mitandaoni nyingi ni za zamani, utakuta 1.2.3 ya mwaka 2005 au 1.2.8 ya 2013. Matoleo yote kabla ya 1.2.12 yana kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2018-25032: data ya namna fulani ikibanwa inaweza kuvuruga kumbukumbu na kuiangusha programu. Kasoro ilifahamika 2018, lakini toleo lililoirekebisha lilitoka Machi 2022. Mwaka huo huo ikaonekana nyingine upande wa kufumua (kurudisha data iliyobanwa), ikazibwa kwenye 1.2.13. Halafu kuna suala la biti: ukiweka DLL ya biti 64 pembeni ya programu ya biti 32, Windows inagoma kuifungua na kuonyesha 0xc000007b, na karani aliyeko Igamba hana namna ya kujua hiyo ni nini. Tunashughulika na kilo za wakulima. Programu ikianguka katikati ya foleni ya mizani, kuna watu wamesimama na magunia yao.

Ukiikompaili mwenyewe unapata programu ya faili moja tu la .exe, unajua toleo lililomo, na inafunguka kwenye kompyuta yoyote ya ofisini. Ni kazi ya muda mfupi ukishajua mambo matatu: mafaili yapi yanaingia, biti ngapi, na "Runtime Library" (maktaba ya msingi ya C) ipi. Makosa karibu yote mnayonitumia inbox yanatoka hapo. Msimbo wa zlib wenyewe hauna shida.

Kidogo kuhusu kitu chenyewe. zlib iliandikwa na Jean-loup Gailly, upande wa kubana, na Mark Adler, upande wa kufumua. Toleo la kwanza la wazi, 0.9, lilitoka Mei 1, 1995, likikusudiwa picha za PNG. Njia inayotumika inaitwa DEFLATE, iliyobuniwa na Phil Katz kwa ajili ya PKZIP, nayo imeunganisha LZ77 ya Lempel na Ziv ya 1977 na misimbo ya Huffman ya 1952. Tazama mistari hii miwili ya faili la mizani:

```
2023-08-14;MB-0417;Igamba;CHERI;38.5
2023-08-14;MB-0418;Igamba;CHERI;41.0
```

Mstari wa pili unapofika, LZ77 inatazama nyuma hadi baiti 32,768 kutafuta kilichokwisha kupita. Tarehe, herufi za chama na mwanzo wa namba ya mkulima vimeshaonekana, kwa hiyo haviandikwi tena. Inaandikwa amri fupi tu: rudi nyuma umbali fulani, nakili baiti kadhaa. Kipande kinachonakiliwa kwa amri moja kinaanzia baiti 3 na kinaishia 258. Inayofuata ni 8, ambayo ni mpya. Kisha `;Igamba;CHERI;` nayo inanakiliwa yote. Kipya kilichobaki ni uzito. Baada ya hapo Huffman inazipa alama zinazojirudia sana biti chache na zile adimu biti nyingi. Waandishi wa zlib wanataja uwiano wa kawaida wa 2:1 hadi 5:1, na mafaili yanayojirudia kiasi hiki huvuka hapo bila taabu. Ndiyo maana kwa kazi zetu zlib inafaa kuliko watu wanavyodhani.

Sasa Visual Studio. Pakua msimbo kutoka zlib.net au ghala la Mark Adler lililoko GitHub. Hapa natumia 1.3.1, ya Januari 2024. Kabla ya kulifungua faili, fungua dirisha la amri uandike `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`, ulinganishe na namba iliyoandikwa kwenye tovuti. Usiruke hatua hii.

Ndani ya "Solution" ile ile yenye programu yako, ongeza projekti mpya ya aina ya "Empty Project" uiite zlib. Nasisitiza "Empty Project" kwa sababu kiolezo cha "Static Library" kinakuja na `pch.h`, na mafaili ya zlib hayaijui heda hiyo, utapigwa kosa C1010 kwa kila faili. Kisha ongeza mafaili haya 15, haya tu:

```
adler32.c  compress.c  crc32.c    deflate.c  gzclose.c
gzlib.c    gzread.c    gzwrite.c  infback.c  inffast.c
inflate.c  inftrees.c  trees.c    uncompr.c  zutil.c
```

Usibadilishe .c kuwa .cpp. Mafaili ya heda, yale ya .h, yabaki kwenye folda yao.

Ingia "Properties", na juu kabisa chagua "All Configurations" na "All Platforms" kabla hujagusa kitu. Hapa watu wengi wanarekebisha Debug, inakubali, siku ya kumkabidhi mteja wanahamia Release na makosa yanarudi upya. "Configuration Type" iwe "Static library (.lib)". Usipoona sehemu ya "C/C++" usishangae, haijitokezi mpaka projekti iwe na angalau faili moja la msimbo. Kwenye "Preprocessor Definitions" ongeza `_CRT_SECURE_NO_DEPRECATE` na `_CRT_NONSTDC_NO_DEPRECATE`. Bila hizo, mafaili ya gz yanayoita `open`, `read`, `write` na `close` yanaleta C4996, na "SDL checks" ikiwa imewashwa onyo hilo linageuka kosa.

Kitu kimoja usikiweke kwa "All Configurations": "Runtime Library". Release iwe /MT, Debug iwe /MTd (maktaba hiyo inaingia ndani ya .exe), na programu yako iwe hivyo hivyo. Ukiacha /MD, kompyuta ya mteja itadai `VCRUNTIME140.dll`, tukarudi kule kule kwa kuokota DLL.

Mwisho, kwenye programu yako bonyeza "References", "Add Reference", weka tiki kwenye zlib, na kwenye "Additional Include Directories" elekeza folda yenye `zlib.h`. Visual Studio itaanza na maktaba na kuiunganisha yenyewe. Jaribio:

```
#include <stdio.h>
#include "zlib.h"

int main(void) {
    printf("%s %s\n", ZLIB_VERSION, zlibVersion());
    return 0;
}
```

Namba ya kwanza inatoka kwenye heda, ya pili inatoka kwenye maktaba iliyounganishwa. Zikitofautiana, umechanganya matoleo mawili. Rudi ukaangalie folda zako.

Karibuni kwa maswali.

---

Mwanachuo wa Iyunga

Shikamoo mkuu. Mimi natumia Code::Blocks 20.03. Niliongeza folda yote ya zlib, inasema "multiple definition of `main'". Nikafuta mafaili kwa kubahatisha, sasa inasema "undefined reference to `deflateInit_'". Na mimi sijaandika popote `deflateInit_` yenye kistari mwishoni. Au nimepakua msimbo mbovu?

Fundi wa Uyole

Marahaba mdogo wangu. Msimbo ni mzima. La kwanza: ndani ya folda za `test`, `examples` na `contrib` kuna programu kamili za mfano, kila moja na `main` yake. Mfano `example.c` na `minigzip.c`. Ukizimeza zote, linka (inayounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa programu moja) inakuta `main` kibao. Ndiyo sababu nikasema mafaili 15, haya tu.

La pili lina maelezo mazuri. `deflateInit` unayoandika wewe ni makro, yaani jina linalobadilishwa kuwa msimbo mwingine kabla ya kukompaili. Ndani ya `zlib.h` inageuka kuwa `deflateInit_`, na hapo inaongeza kimyakimya vitu viwili: toleo la heda na ukubwa wa muundo wa `z_stream`. Maktaba ikipokea inalinganisha namba ya kwanza ya toleo, pamoja na ukubwa huo, na vyake. Visipokubaliana inarudisha -6, yaani `Z_VERSION_ERROR`. Kwa hiyo ujumbe ulioupata unakuambia kwamba heda imeonekana vizuri, ila maktaba haijaunganishwa.

Fanya hivi. Tengeneza projekti ya "Static library", iite z, futa faili la mfano linalokuja nalo, weka mafaili yale 15, jenga. Utapata `libz.a`. Kwenye projekti ya programu yako nenda "Build options", "Linker settings", "Add", onyesha ilipo `libz.a`, kisha "Search directories", upande wa "Compiler", weka folda ya `zlib.h`. Na ukija kujenga kwa amri za mkono, maktaba iandikwe baada ya faili lako: `gcc main.c -lz`. Linka ya GNU inasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukitanguliza `-lz` inaipita kabla haijajua kwamba inahitajika, unapata kosa hilo hilo.

Code::Blocks 20.03 yenye MinGW inakuja na kompaila ya gcc 8.1 ya biti 64. Waulize wateja wako kama kuna ofisi yenye Windows ya biti 32.

---

Dada wa Mafinga

Kaka Fundi, asante kwa uzi. Mimi nina programu ya stoo ya mbao. zlib imejengeka bila kosa hata moja, lakini nikijenga programu yangu napata LNK2038, "RuntimeLibrary", halafu "MTd_StaticDebug" na "MDd_DynamicDebug". Nikaenda Release nikakutana na LNK1112, x86 na x64. Nimefuata kila hatua.

Fundi wa Uyole

Dada, ujumbe huo unajieleza, ila maneno yake yanatisha. LNK2038 maana yake maktaba imejengwa kwa /MTd na programu yako imebaki na /MDd. Ingia "Properties" za programu yako, siyo za zlib, "C/C++", "Code Generation", "Runtime Library", ubadilishe. Ikiwa una maktaba nyingine mle ndani, nazo lazima ziwe upande huo huo. Zote.

LNK1112 ni biti. Fungua "Configuration Manager" utazame jedwali: kila projekti ina mstari wake. Nina hakika utakuta programu iko x64 na zlib iko Win32. Hicho kitufe cha juu cha x86 na x64 hakibadilishi projekti zote kama mstari wa mojawapo ulishahamishwa kwa mkono. Kwa kazi za ofisi zetu mimi najenga ya biti 32, maana inafunguka kwenye Windows za biti 32 na 64.

Dada wa Mafinga

Ni kweli, zlib ilikuwa Win32. Imejenga. Namba zote mbili zinasoma 1.3.1.

---

Kijana wa Tukuyu

Mkuu mbona unatuzungusha, mle ndani ya zlib kuna `contrib/vstudio` yenye projekti zilizokwisha tengenezwa. Nimezitumia, maktaba ikatoka. Shida ni kwamba programu yangu ya biti 32 inasema haioni `_compress`, wakati nimehakikisha iko.

Fundi wa Uyole

Iko, ila inaitwa `_compress@16`. Projekti za `contrib/vstudio` zinawasha makro ya `ZLIB_WINAPI`, inayobadilisha namna fanksheni zinavyoitwa. Kwenye biti 32 mtindo huo unaongeza mwishoni mwa jina jumla ya baiti za vigezo: `compress` ina vigezo vinne vya baiti nne nne, ndiyo hiyo 16. Programu yako haijawasha makro hiyo, kwa hiyo inatafuta jina tupu. Una njia mbili: iondoe `ZLIB_WINAPI` kwenye maktaba, au iwashe na kwenye programu yako. Kwenye biti 64 mitindo hiyo haina tofauti, ndiyo maana mwenzako wa x64 atakuapia kwamba kwake inakubali.

Na kwa atakayepita njia ya CMake (chombo cha kuandaa ujenzi wa msimbo): toleo hili la 1.3.1 linaibadilisha `zconf.h` ndani ya folda ya msimbo kuwa `zconf.h.included`, na ile ya kutumia inaiweka kwenye folda ya kujengea. Ukielekeza Visual Studio au Code::Blocks kwenye folda ya msimbo peke yake utapata C1083 ya `zconf.h`. Elekeza zote mbili.

---

Mwalimu wa Iringa

Ndugu Fundi, uzi mzuri, ila naomba nitofautiane kidogo. Wanafunzi wangu nawaelekeza vcpkg, chombo kinachopakua na kujenga maktaba chenyewe. Amri moja, `vcpkg install zlib:x86-windows-static`, na masuala ya biti na "Runtime Library" yanakuwa yamejibiwa ndani ya jina hilo. Kuwachagulia mafaili 15 kwa mkono naona ni kuwachosha.

Fundi wa Uyole

Mwalimu, nakubaliana nawe kwa timu yenye maktaba nyingi na intaneti ya uhakika. Hapo vcpkg ni chombo sahihi, na hilo jina la static linakupa /MT kama ulivyosema. Ninachotetea ni huyu anayeanza. zlib haitegemei maktaba nyingine yoyote, msimbo wake ni mdogo, na mtu akiijenga mara moja kwa mkono anaelewa kompaila inaishia wapi na linka inaanzia wapi. Siku vcpkg ikimletea LNK2038 kwa sababu amechagua jina lisilo sahihi, atajua pa kushika. Pia folda ya zlib ikikaa ndani ya projekti, mtu anaweza kujenga upya akiwa Chunya bila bando.

---

Karani wa Vwawa

Wakuu, mimi nimefika mbele kidogo. Nabana kwa `compress`, naandika kwenye faili. Nikifumua, mafaili mengine yanakubali, mengine yanarudisha -3. Kompyuta ile ile, programu ile ile. Na nikipeleka kwenye mashine ya Linux ya ofisi ndiyo kabisa, hakuna faili linalokubali.

Fundi wa Uyole

Nitumie mistari unayofungulia na kuandikia faili.

Karani wa Vwawa

```
FILE *f = fopen("mizani.z", "w");
fwrite(&urefu, sizeof(urefu), 1, f);
fwrite(bafa, 1, urefuUliobanwa, f);
```

`urefu` ni `uLong`.

Fundi wa Uyole

Ahsante, yote mawili yanaonekana hapo hapo.

Kwanza `"w"`. Kwenye Windows hiyo ni hali ya maandishi: kila baiti ya 0A inayoandikwa inatanguliziwa 0D. Data iliyobanwa ina baiti za kila namna. Faili ambalo kwa bahati halina 0A linapona, lenye nayo linaongezewa baiti ambazo hukuziweka, na `uncompress` inasema -3, `Z_DATA_ERROR`. Wala usiichukie, imekuokoa: mwishoni mwa data kuna hesabu ya ukaguzi iitwayo Adler-32, na bila hiyo ungepata kilo za uongo bila kujua. Andika `"wb"`, na kusoma iwe `"rb"`. Ukifungua faili kwa kihariri cha heksi, baiti mbili za mwanzo wa data ya zlib kwa kiwango cha kawaida ni 78 9C. Ni alama nzuri ya kuanzia uchunguzi.

Pili, `uLong` ni `unsigned long`. Kwenye Windows ni baiti 4 hata kwenye biti 64. Kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8. Mashine ya ofisi inasoma baiti 8 kama urefu, yaani imekula na baiti nne za data yako. Tumia `uint32_t` kutoka `stdint.h` pande zote mbili. Umefanya vyema kuhifadhi urefu wa asili, kwa sababu `compress` haiuhifadhi. Kumbuka tu kwamba kabla ya kuita `uncompress`, kigezo cha `destLen` lazima kiwe na ukubwa wa bafa yako. Ukikipa namba ndogo kuliko data ya asili unapata -5, `Z_BUF_ERROR`. Na wakati wa kubana, ukubwa wa bafa uliza `compressBound`, usikadirie.

Karani wa Vwawa

Nimebadilisha vyote. Linux imesoma. Sasa swali dogo: picha za stakabadhi za JPEG nazo nikizibana hazipungui, hata kwa kiwango cha 9.

Fundi wa Uyole

Hazitapungua. JPEG tayari imeshabanwa, na hatua yake ya mwisho kwa kawaida ni Huffman hiyo hiyo, kwa hiyo DEFLATE haikuti cha kujirudia. zlib ikiona hivyo inazihifadhi kama zilivyo na kuongeza baiti chache za uongozi. Zitume zilivyo, au punguza vipimo vya picha kabla ya kuihifadhi.

---

Mwanachuo wa Iyunga

Kaka, imekubali kwa Code::Blocks. Nimeamua kutumia `gzopen` na `gzwrite` ili nisihangaike na urefu. Je, umeme ukikatika katikati ya kuandika?

Fundi wa Uyole

Chaguo zuri. Faili la gzip huishia na CRC-32, hesabu nyingine ya ukaguzi, pamoja na urefu wa data ya asili, kwa hiyo lililokatika linajulikana: ukilisoma kwa `gzread` mpaka mwisho, `gzclose` itarudisha `Z_BUF_ERROR` badala ya `Z_OK`. Wengi hawalitazami jibu la `gzclose`, na ndilo linalosema ukweli. Kwa upande wa kuandika, usiandike juu ya faili la jana. Andika `mizani.tmp`, ita `gzclose`, ikirudisha `Z_OK` ndipo ubadilishe jina liwe `mizani.gz`. Kwenye Windows `rename` ya kawaida inagoma kama jina hilo lipo tayari, kwa hiyo tumia `MoveFileEx` na alama ya `MOVEFILE_REPLACE_EXISTING`. Umeme ukikatika kabla ya hatua hiyo, faili la jana liko salama, na la leo utalijenga upya kutoka kwenye rekodi za mizani.